Niliambiwa kwa simu kwamba haikushika: nirudi kliniki ileile?

Swali

Shikamoo daktari. Nina miaka 34, mume wangu ana 39. Tumetafuta mtoto kwa miaka minne, mwishowe tukaenda kliniki ya uzazi na kufanyiwa IVF, ile ya kutungisha mayai maabara, nje ya mwili. Walitoa mayai tisa, wakapandikiza kiinitete kimoja (yai lililotungishwa likaanza kukua), kingine kimoja wakakigandisha. Haikushika. Majibu nilipewa kwa simu nikiwa kazini, katikati ya watu: "Ni hasi, acha dawa, utupigie ukiona siku zako." Basi, simu ikakatwa. Kila nilipokwenda nilikuta daktari tofauti, na siku moja mlango ulifunguliwa nikiwa nimelala kitandani kwa kipimo. Nilipouliza kwa nini haikushika, nikaambiwa nina mawazo mengi, nijitahidi kutulia. Sasa wanataka nianze upya mwezi ujao, sindano zote tena, na safari hii wameongeza kukwaruza kizazi na dripu ya kutuliza kinga, vyote kwa malipo ya ziada. Mume wangu alipimwa mara moja tu mwanzoni, na tangu majibu yale hataki kuligusia jambo hili. Je, ni mimi ninayedai mengi? Nibaki au nihame?

Jibu

Marahaba, binti yangu, na poleni sana wewe na mumeo. Nianze na lile la kudai mengi, maana nadhani ndilo linalokukosesha usingizi. Hujadai mengi. Umedai kidogo mno. Mtu aliyechomwa sindano kila siku kwa karibu wiki mbili, akapewa dawa ya usingizi, akatolewa mayai, kisha akasubiri majibu huku akipima kila maumivu ya tumbo yana maana gani, anastahili zaidi ya sentensi moja ya simu. Na hili si suala la adabu peke yake. Mengi uliyonyimwa ni sehemu ya tiba yenyewe, na ungekuwa umeelezwa, huenda leo usingekuwa unaombwa kuanza upya.

Maana lipo jambo katika barua yako lililonishtua kuliko hiyo simu. Una kiinitete kimoja kimehifadhiwa. Kwa nini basi unaambiwa uanze sindano tena? Kwa kawaida, jaribio la kwanza lisiposhika, kinachofuata ni kupandikiza kile kilichogandishwa. Hatua hiyo haina sindano za kukuza mayai, haina usingizi wa dawa wala kutolewa mayai. Ukuta wa kizazi huandaliwa kwa homoni, au daktari hufuata mzunguko wako wa asili, kisha kiinitete huyeyushwa na kuwekwa. Mwili hauchoki sana, na gharama pia haiumizi kama kwenye mzunguko mzima wa IVF. Zipo sababu halali za kukusanya viinitete zaidi kwanza: mwanamke ambaye akiba yake ya mayai inapungua haraka, wanandoa wanaotaka zaidi ya mtoto mmoja na wanaona umri unakwenda, au kiinitete kilichohifadhiwa kuwa hafifu. Huenda madaktari wako wana mojawapo ya sababu hizo. Lakini ilibidi uambiwe, ukae nayo, ukubali au ukatae. Hili liwe swali lako la kwanza, mbele ya mengine yote.

Sasa tuje kwenye yale mayai tisa, kwa sababu nahisi hakuna aliyekaa nawe akakufanyia hesabu yake. Mayai yakishatolewa, si yote huwa yamepevuka. Kwa wastani karibu manane katika kumi ndiyo yanayofaa. Katika yaliyopevuka, takribani asilimia 70 hutungishwa vizuri. Katika yaliyotungishwa, nusu hivi au pungufu kidogo ndiyo yanayokua hadi siku ya tano au ya sita, hatua inayoitwa blastosisti. Chukua tisa yako uipitishe humo: saba yamepevuka, matano yametungishwa, mawili yamefika mwisho. Hapo ndipo hasa ulipofika. Maabara haikukuharibia, na mwili wako haukufanya vibaya. Wanawake wengi wanaoketi mbele yangu wanaamini kwamba mayai yaliyopungua njiani yamepotea kwa uzembe wa mtu, au kwamba ni dalili ya ubovu ndani yao, na wamebeba imani hiyo kwa miezi kwa sababu tu hakuna aliyetumia dakika tano kuwaeleza.

Na kwa nini kile kimoja, ambacho labda ulionyeshwa picha yake ukaambiwa ni kizuri, hakikushika? Sababu inayoongoza ni hitilafu za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi, ndani ya kiinitete chenyewe. Hadubini haizioni. Kiinitete kinaweza kuwa na umbo safi, kikapewa daraja la juu, na bado kikakosa kromosomu moja au kuwa nayo moja ya ziada, kikasimama kukua siku chache baada ya kupandikizwa. Hitilafu hizi huongezeka kadiri umri wa mwenye mayai unavyosogea, taratibu kabla ya miaka 35, kwa kasi baada yake, na kwa kasi kubwa zaidi baada ya 40. Kwa umri wako bado una nafasi nzuri. Kukosa mara moja, kwa kiinitete kimoja, hakuthibitishi kwamba kizazi chako kinakataa mimba, wala kwamba kinga yako inashambulia kitu.

Wala hakuthibitishi kwamba una mawazo mengi. Maneno hayo yananikera, na nayasikia mno. Mwaka 2011 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa Jacky Boivin na wenzake, waliojumlisha tafiti 14 zenye wanawake 3,583 waliopimwa hali yao ya wasiwasi na huzuni kabla ya kuanza mzunguko. Walioingia wakiwa na msongo na walioingia wakiwa watulivu hawakutofautiana katika kupata mimba. Kwa hiyo ulipoambiwa utulie, hukupewa ushauri wa kitabibu, ulikabidhiwa lawama. Kutulia ni kuzuri kwa ajili yako mwenyewe, ulale, ule, uweze kuzungumza na mumeo. Lakini usijilaumu kwamba laiti usingelia sana mtoto angekaa.

Hata watu walioanzisha tiba hii walijua kushindwa kwa kiwango ambacho leo wengi hawakifikirii. Louise Brown, mtoto wa kwanza wa IVF, alizaliwa Julai 1978 kule Oldham, Uingereza, kwa kazi ya Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy. Kumbukumbu za Oldham zinaonyesha wanawake 282 walipita katika majaribio yale, na watoto waliozaliwa walikuwa wawili. Ninamtaja Purdy kwa makusudi. Alikuwa muuguzi, ndiye aliyesimamia kazi za maabara za kila siku, na ndiye wa kwanza kuona kiinitete cha Louise kikigawanyika. Alipoondoka kwa muda kumuuguza mama yake, kazi nayo ilisimama. Tangu mwanzo kabisa, tiba hii imemhitaji mtu mmoja anayejua kila kitu kinachoendelea kwa mgonjwa.

Hilo linanileta kwenye madaktari tofauti kila siku. Hapa nitakuwa mkweli kwako: lenyewe si kosa. Wakati wa sindano, vipimo vya ultrasaundi hufanyika kila baada ya siku mbili tatu, na kliniki huweka zamu. Vifuko vya mayai vinapimwa kwa milimita, yeyote aliyefunzwa anaweza kuvipima. Kosa ni pale ambapo hakuna jina hata moja lililobeba mpango wako. Lazima awepo daktari mmoja anayesoma faili lako lote, anayeamua dozi, anayekupokea mwanzoni na anayekaa nawe mwishoni. Na lazima awepo muuguzi mmoja, au wawili wanaopokezana, ambaye ukimpigia simu saa nne usiku kwa kuwa sindano ya mwisho imevunjika mkononi mwako, anajua unazungumzia nini. Sindano ile ya mwisho, inayokamilisha kupevuka kwa mayai, ina saa yake. Mayai hutolewa saa 34 hadi 36 baada yake; ikichelewa, ratiba ya asubuhi nzima ya chumba cha upasuaji inabadilika. Kliniki isiyo na namba ya usiku haina huduma kamili, hata kama sebule yake ina makochi mazuri.

Mlango uliofunguliwa ukiwa kitandani ni kosa bila mjadala. Nataka ujue namna kipimo kile kinavyopaswa kwenda, ili safari ijayo utambue. Unaonyeshwa mahali pa kubadilishia nguo na kuachwa peke yako. Unapewa shuka. Mlango unafungwa kwa ndani au pazia linavutwa, na unaulizwa kama ungependa muuguzi au mtu wako awepo. Anayekupima anajitambulisha, anakwambia kila anachotaka kufanya kabla ya kukugusa, na kifaa hakiingizwi mpaka umesema uko tayari. Unaruhusiwa kusema "simama" na asimame. Skrini inageuzwa uione. Anahesabu vifuko kwa sauti, kulia vinne, kushoto vitatu, kisha anakusubiri uvae nguo ndipo akueleze maana yake. Kuzungumza na mgonjwa kuhusu dozi akiwa bado ametanua miguu ni jambo ninalolikataza kabisa kwa madaktari wachanga ninaowafundisha, kwa sababu hakuna anayesikia kitu katika hali hiyo.

Na ile simu. Majibu hasi kupewa kwa simu si vibaya. Wengine hupenda hivyo, kuliko kusafiri ukapokee habari mbaya mbele ya wageni. Lakini kunakuwa na makubaliano tangu siku ya kupandikiza: nani atapiga, saa ngapi, kwa namba ipi, na kama hutaki kupigiwa ukiwa kazini, waache hadi jioni. Anayepiga anauliza kwanza kama unaweza kuzungumza. Anataja majibu waziwazi, anakaa kimya akupe nafasi, kisha anakueleza yanayokuja mwilini: ukishaacha projesteroni, homoni inayotegemeza ukuta wa kizazi, damu hutoka ndani ya siku chache, mara nyingi nzito kuliko ulivyozoea, pamoja na maumivu zaidi. Anakueleza kwamba matiti kuuma na tumbo kujaa ulivyovihisi vilikuwa kweli, havikuwa ndoto zako, ila dawa ile ya projesteroni huleta dalili zilezile za mimba. Na kabla ya kukata simu anakupa tarehe ya kuonana na daktari. Tarehe hiyo ndiyo iliyokosekana kwako, na mimi naihesabu kuwa kasoro kubwa kuliko ukavu wa maneno.

Kama bado unajiona mdai, mwaka 2011 watafiti waliwapa wagonjwa na madaktari wa Uholanzi na Ubelgiji kliniki za kubuni wachague. Wagonjwa walikuwa tayari kuchagua kliniki yenye nafasi ndogo zaidi ya mimba ilimradi daktari wake awe mtu wa kusikiliza na kueleza. Madaktari, kwa upande wao, walipunguza mno uzito wa jambo hilo walipoulizwa. Wanaotibu na wanaotibiwa hawaoni kitu kimoja, ndiyo maana wewe unasema na wao hawasikii.

Nyongeza ulizopewa sitazizungusha. Kukwaruza kizazi kulipendwa sana miaka iliyopita kwa hoja kwamba jeraha dogo huamsha ukuta upokee kiinitete. Mwaka 2019 jarida la kitabibu la Marekani, The New England Journal of Medicine, likachapisha jaribio la wanawake 1,364: waliokwaruzwa na wasiokwaruzwa walipata watoto kwa kiwango kilekile, asilimia 26.1 kila upande. Waliokwaruzwa walibaki na maumivu yao tu. Kuhusu dripu, uliza jina lake liandikwe. Mara nyingi huwa ni Intralipid, mchanganyiko wa mafuta uliotengenezwa kuwalisha wagonjwa wasioweza kula, na chama cha Ulaya cha wataalamu wa uzazi, ESHRE, katika mapendekezo yake ya 2023 kuhusu nyongeza za aina hii, hakikuishauri. Kwa mtu aliyekosa mara moja tu, sioni sababu ya kulipia hata kimoja kati ya hivi viwili. Daktari anayekupendekezea nyongeza yoyote mwulize: ni utafiti gani umeonyesha kwamba inaongeza watoto wanaozaliwa hai, na kwa mgonjwa kama mimi? Akijibu kwamba "wengi wamefanikiwa nayo", umeshapata jibu lako.

Fedha hizo ni afadhali ziende kwa mumeo. Kipimo kimoja cha shahawa hakitoshi. Mbegu huchukua karibu siku 74 kutengenezwa, na baada ya hapo husafiri kwenye mirija kabla ya kutoka, kwa hiyo sampuli ya leo inasimulia miezi miwili mitatu iliyopita: homa kali aliyougua, kazi ya joto kali, au dawa aliyotumia. Kipimo cha pili kifanyike baada ya kukaa siku mbili hadi saba bila kutoa shahawa. Siku hizo zikipungua au zikizidi sana, majibu yanapotosha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unaweka mpaka wa chini kuwa mbegu milioni 16 kwa mililita na asilimia 42 zinazotembea. Lakini namba hizo si hukumu: wako walio chini yake na wana watoto, na walio juu yake wanaohangaika. Mbali na karatasi, mumeo apimwe kwa mikono na daktari anayeelewa uzazi wa wanaume, aangaliwe kama ana mishipa iliyovimba kwenye korodani, na aulizwe bila kuhukumiwa kuhusu sigara, pombe na hasa sindano au vidonge vya kujenga misuli. Homoni ya testosteroni inayotoka nje ya mwili huzima utengenezaji wa mbegu, na wanaume wengi hawalijui hilo. Wengine hudhani inawasaidia.

Kuhusu ukimya wake, nina la kusema kwa sababu nimewaona wengi. Fikiria yeye alipewa nini na kliniki ile. Kikopo chenye jina lake, chumba kidogo, kelele za watu upande wa pili wa mlango, kisha dirisha la kukabidhi kikopo mbele ya foleni. Baada ya hapo hakuna aliyemwita jina tena. Daktari alizungumza nawe, muuguzi alizungumza nawe, yeye alikaa kwenye kiti cha pembeni ameshika mkoba wako. Mwanaume aliyewekwa pembeni kwa namna hiyo hupata tabu kusema kwamba na yeye amefiwa. Usimlazimishe azungumze juu ya mtoto. Mwombe jambo moja la vitendo: aende kurudia kipimo, na aje kwenye kikao nitakachokieleza hapa chini akiwa na maswali yake mwenyewe mawili. Wengi hufungua mdomo wakipewa kazi ya kufanya. Na kama mtapata mshauri nasaha mwenye uzoefu na ugumba, nendeni pamoja hata mara moja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya sita hupitia ugumba wakati fulani wa maisha yake, na karibu wote hudhani wako peke yao.

Nibaki au nihame, ndilo ulilotaka hasa. Ushauri wangu ni kwamba usianze mwezi ujao, na usihame kesho. Ipe kliniki nafasi moja, iliyoandikwa. Kwa miaka 34, kuchelewa mwezi mmoja au miwili hakupunguzi nafasi yako kwa kiasi cha kukutisha, na mwili wako utanufaika na mapumziko. (Ungekuwa na miaka 41 ningekuambia mengine.) Waandikie hivi, kwa maneno yako au haya yangu:

"Habari za kazi. Mimi ni mgonjwa wenu, namba ya faili ni hii. Kabla ya kukubali mzunguko mwingine, naomba kikao na daktari anayesimamia faili langu, mimi na mume wangu tukiwepo, na mtaalamu wa maabara ikiwezekana. Naomba nakala ya kumbukumbu zangu: dozi na siku za sindano, vipimo vyote vya ultrasaundi na homoni, ripoti ya maabara kuhusu mayai na viinitete, na maelezo ya siku ya kupandikiza. Naomba pia kujua kiinitete changu kilichogandishwa kina daraja gani, na kwa nini hakipandikizwi kwanza. Sitaanza dawa yoyote hadi kikao hicho kifanyike."

Hakuna tusi humo, na hakuna kuomba msamaha. Kumbukumbu ni za mwili wako. Zikija, tazama mambo machache kabla ya kikao. Unene wa ukuta wa kizazi siku ya mwisho ya vipimo. Madaktari wengi hupenda uwe angalau milimita saba. Mayai mangapi kati ya tisa yalikuwa yamepevuka. Kama ni matatu tu, dozi au saa ya sindano ya mwisho ijadiliwe. Kama siku ya kupandikiza imeandikwa kwamba mrija mwembamba wa kuwekea kiinitete uliingia kwa shida au ulitoka na damu, waulize watajiandaaje safari ijayo, maana shida hiyo mara nyingi hutatuliwa kwa kufanya zoezi la kuingiza mrija bila kiinitete, au kukuomba ujaze kibofu vizuri zaidi. Uliza kama mirija yako ya uzazi ilishapigwa picha, na kama mmoja umejaa maji. Maji hayo yakirudi ndani ya kizazi hupunguza nafasi ya kushika, na hutibiwa kabla ya kupandikiza. Hili la maji kwenye mirija lina ushahidi wa nguvu kuliko dripu zote.

Kwenye kikao hicho, sikiliza kinachosemwa, lakini mtazame na anayesema. Amesoma faili kabla hujaingia, au analifungua mbele yako kwa mara ya kwanza? Anaweza kukwambia "hatujui" bila kukimbilia bei? Anapokutajia asilimia za mafanikio, mwulize ni asilimia ya nini. Kliniki moja huhesabu vipimo vilivyosoma chanya, nyingine mapigo ya moyo yaliyoonekana, nyingine watoto waliozaliwa hai. Moja hugawa kwa idadi ya waliopandikizwa, nyingine kwa wote walioanza sindano wakiwemo walioishia njiani. Inayokufaa wewe ni watoto waliozaliwa hai, kwa wanawake wa umri wako, kwa kila mzunguko ulioanzwa. Ukimwuliza hivyo mtaalamu mwaminifu, atafurahi kwamba umeuliza.

Wakikupa kikao ndani ya wiki mbili hivi, wakakujibu, wakakutajia jina la daktari na la muuguzi wako, baki. Maabara yao ilikutolea blastosisti mbili kutoka mayai tisa, si haba, na kuhama kuna gharama zake: vipimo vingine vitarudiwa, na utaanza kuzoeana na watu wapya. Wakikupiga chenga, wakikataa kukupa kumbukumbu, au wakikuambia tena kwamba shida ni mawazo yako, hama bila kugombana.

Kiinitete chako kinaweza kuhama nawe. Nyinyi wawili mtasaini idhini pande zote mbili, kliniki mpya itathibitisha kwamba inakipokea na itaomba majibu yenu ya vipimo vya maambukizi, kisha kitasafirishwa kwenye tangi maalumu lenye naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Hakikisha kabla ya hapo kwamba ada ya kuhifadhi haijapita muda na kwamba una karatasi inayosema kipo, kiko wapi na kimeandikwa kwa majina ya nani. Huna haja ya kukimbia kukihamisha wiki hii. Katika baridi ile hakizeeki, na hata ukikipandikiza ukiwa na miaka 36, umri unaohesabika ni ule uliokuwa nao siku mayai yalipotolewa.